Kuvua Kaa Ukiwa Ufukweni: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Safari Moshi

Maji yanayoteremka Kilimanjaro kupitia mito ya Kikafu na Weruweru huingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, hutoka hapo yakiitwa Mto Pangani, na mwisho humwagika katika Bahari ya Hindi kwenye mji wenye jina hilohilo. Hapo mdomoni, na katika hori nyingi, yaani mikono ya bahari inayoingia nchi kavu, zilizoko kuelekea kaskazini hadi Tanga na Mkinga, yamesimama mapori ya mikoko, na chini ya mizizi yake wanaishi kaa wakubwa wenye magando mazito ambao mtu wa Moshi au Arusha huwaona tu wakiwa mezani. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kuvua baharini, hana ngalawa, na anataka kusimama nchi kavu na kuvua kaa wake mwenyewe bila kuumia na bila kuharibu anapovua.

Nimefanya safari hii mara nyingi, na jambo ninalotaka ulielewe kabla ya mengine yote ni kwamba kaa huvuliwa kwa kuyajua maji kuliko kwa nguvu au kwa vifaa vya gharama. Mtu wa bara huchagua siku ya kwenda pwani kwa kutazama likizo yake. Mtu wa pwani huichagua kwa kutazama mwezi. Safari yangu ya kwanza niliipanga kwa likizo, nikakaa ufukweni siku mbili nzima, nikapata kaa wawili wadogo ambao niliwarudisha. Wavu haukuwa na kasoro. Nilikuwa nimefika wakati wa maji mafu.

Kuchagua siku ukiwa bado Moshi

Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban saa 24 na dakika 50, kwa hiyo kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Ikiwa leo yalijaa saa kumi kamili jioni, kesho yatajaa karibu na saa kumi na dakika 50. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, mvuto wa mwezi na wa jua hufuata mstari mmoja, na maji hupanda juu sana na kushuka chini sana. Hayo ndiyo maji ya bamvua. Mwezi unapokuwa nusu, mivuto hiyo miwili hupingana, maji hupanda kidogo na kushuka kidogo, nayo ndiyo maji mafu.

Huhitaji kuwa pwani ili kulijua hili. Toka nje ya nyumba yako jua linapozama. Ukiona mwezi wa mviringo unachomoza mashariki wakati huohuo, bamvua limefika, na siku moja au mbili zinazofuata ndizo zenye maji makubwa zaidi. Ukiona nusu ya mwezi imesimama karibu juu ya kichwa chako wakati wa magharibi, ahirisha safari kwa wiki moja. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana njia nyepesi zaidi, kwa kuwa bamvua huangukia siku za mwanzo za mwezi mwandamo na tena karibu na tarehe 15 hadi 17.

Bamvua la pwani ya Tanga lina faida nyingine kwa anayeanza. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa nne au saa tano asubuhi, kisha huanza kujaa hadi karibu na saa kumi au kumi na moja jioni. Maana yake ni kwamba kipindi chote kizuri cha kuvua kinakuwa mchana, nawe unaona unapokanyaga. Hata hivyo, hakikisha saa za siku yako kwa kutazama jedwali la maji kujaa na kupwa, au kwa kumpigia simu mwenyeji anayeishi karibu na bahari.

Zingatia pia upepo na mvua. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji ya mito huwa mazito kwa udongo na barabara za vijijini huharibika. Mimi hupendelea miezi ya upepo wa kaskazi, hasa Desemba na Januari, ingawa jua lake ni kali na kofia pana ni ya lazima.

Wavu wa ringi

Zipo njia kadhaa za kuvua kaa. Wenyeji wazoefu huingia ndani ya mikoko maji yakiwa yamepwa na kumtoa kaa shimoni kwa kijiti chenye kulabu. Sikushauri uanze na njia hiyo. Inataka miaka ya kujua shimo lipi lina mtu wake na lipi ni tupu, inataka mkono mwepesi ili kaa asivunjwe gamba, na anayeijaribu bila mafunzo huishia kuchimbua mizizi. Njia inayomfaa anayeanza ni wavu wa ringi, ambao unaweza kuutengeneza nyumbani kwa jioni moja.

Nenda kwa fundi baiskeli, iwe Mbuyuni hapa Moshi au Kilombero kwa walioko Arusha, umwombe ringi kuukuu ya chuma iliyotolewa spoku zote. Ringi ya baiskeli kubwa ina kipenyo cha zaidi ya sentimita 60, na uzito wake wa chuma unatosha kuizamisha bila kuhitaji chubwi. Usichukue ringi ya aluminiamu, kwa kuwa ni nyepesi na mkondo utaisogeza. Matundu ya spoku yaliyobaki ndiyo uzuri wa ringi hii, maana ndimo utakamopitisha uzi wa kushonea wavu, nao hautateleza huku na huku.

Wavu wenyewe uwe wa nyuzi imara, wenye macho yanayopitisha vidole viwili au vitatu, ili maji yachuje haraka unapovuta na kaa mdogo aweze kutoka. Vipande vya nyavu kuukuu hupatikana kwa wavuvi wa Nyumba ya Mungu kwa bei ndogo. Vinginevyo, fuma mwenyewe kwa uzi wa nailoni. Ushone ukining'inia kama bakuli lenye kina cha sentimita 20 au 25. Ukiuacha umekaza kama ngozi ya ngoma, kaa atatembea juu yake na kuondoka. Ukiuacha mrefu kama gunia, utanasa kwenye kila kitu kilichoko chini.

Kisha funga kamba tatu zenye urefu sawa, kila moja nusu mita, kwenye sehemu tatu za ringi zilizoachana kwa umbali sawa, uzikutanishe juu kwa fundo moja. Inua ringi kwa fundo hilo na uitazame: ikiwa imelala upande, rekebisha sasa, kwa sababu ringi inayopanda ikiwa imeinama humwaga kaa kabla hajafika juu. Kwenye fundo hilo unganisha kamba ndefu ya mita 10 hadi 15, na mwisho wake ufunge chupa tupu ya plastiki iliyofungwa kifuniko barabara, iwe boya endapo kamba itakuponyoka. Tengeneza ringi tatu au nne, kwa maana ringi moja humfanya mvuvi akose subira.

Pamoja na hizo, beba ndoo ndefu yenye kifuniko, magunia mawili ya katani, uzi mnene uliokatwa vipande vya mita moja, fimbo fupi, glavu nene, maji ya kunywa ya kutosha, na raba za kufunga kwa kamba. Watu wengi hubeba gambuti, lakini tope la mikoko huvuta gambuti likabaki chini wewe ukitoka na soksi, ilhali raba iliyofungwa vizuri hukaa mguuni na kukukinga na maganda ya chaza yaliyong'ang'ania mizizi, ambayo hukata kama wembe.

Kabla ya kugusa maji

Kutoka Moshi, mabasi ya Tanga hupitia Same, Mombo, Korogwe na Segera, kisha hukunja kuelekea Muheza. Ni safari ya zaidi ya kilomita 300, hivyo fika siku moja kabla. Siku hiyo ya kufika itumie kwa mambo mawili.

La kwanza ni ruhusa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka mvuvi awe na leseni, na sehemu ya bahari ya Tanga imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009, ambako yapo maeneo na masharti yake. Mikoko nayo ni msitu unaolindwa, na kuikata bila kibali ni kosa. Nenda ofisi ya uvuvi ya halmashauri, eleza kwamba unataka kuvua kaa kwa wavu wa ringi ukiwa ufukweni, uliza unahitaji karatasi gani, wapi panaruhusiwa, na kaa wa ukubwa gani hatakiwi kuchukuliwa. Kisha katika kijiji au mtaa utakaovua, jitambulishe kwa uongozi na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambacho kila mtu hukiita BMU. Mgeni anayepiga hodi huonyeshwa mahali pazuri na mara nyingi hupewa kijana wa kumsindikiza. Mlipe kijana huyo ipasavyo, kwani siku yake ya kazi ndiyo anayokupa.

La pili ni chambo. Usibebe utumbo wa kuku kutoka Moshi kwenye basi. Utawaudhi abiria wenzako na utafika umeoza. Nunua vichwa vya samaki asubuhi yenyewe mnadani, pale Deep Sea mjini Tanga au penye soko lolote lililo karibu. Wapo wanaosema kaa hupenda kilichooza. Mimi nimeona kinyume chake: kichwa kibichi chenye damu na mafuta huwaleta haraka zaidi. Kitie kwenye kipande cha mfuko wa wavu wa vitunguu, ukifunge katikati ya wavu, ili kaa ahangaike nacho bila kukinyofoa na kuondoka nacho.

Siku ya kuvua

Fika ufukweni maji yakiwa yamepwa kabisa, hata kama hutaanza kuvua. Nusu saa ya kutazama wakati huo ina thamani kuliko saa tatu za kubahatisha baadaye, kwa kuwa utaiona ardhi ambayo karibuni itafunikwa: vijito vidogo vinavyotoka kwenye mikoko, mashimo mapana yenye mlango ulioinama pembezoni mwa tope, na mahali ambapo ukingo ni mgumu kiasi cha kusimama mtu. Mikoko yenyewe hukusaidia kusoma mahali. Mlilana husimama mbele kabisa kuelekea bahari, mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui hufuata kando ya vijito, na mchu mara nyingi huwa nyuma, penye mchanga mkavu zaidi. Chagua ukingo mgumu, gati dogo au mawe karibu na mdomo wa kijito, penye mizizi ya mkoko umbali wa hatua chache. Kaa hutoka kwenye mizizi hiyo maji yanapoingia, akitafuta chakula.

Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Katika saa sita za kujaa, saa ya kwanza huja polepole, saa ya tatu na ya nne huja kwa kasi, na saa ya mwisho hulala tena. Takriban nusu ya maji yote huingia katika zile saa mbili za kati. Bamvua likiwa la mita 3, hiyo ni mita moja na nusu, kimo cha kupita kifua cha mtu mzima. Kwa sababu hiyo, tambua njia yako ya kurudi kabla maji hayajaanza, na usikubali kijito kibaki kati yako na nchi kavu. Ukilazimika kupita penye maji, buruta nyayo badala ya kunyanyua miguu, ili samaki taa aliyejifukia mchangani ashtuke na kukimbia badala ya kukuchoma kwa mwiba wake. Ukivua kwenye mdomo wa mto, waulize wenyeji habari za mamba, na uliamini neno lao.

Maji yakianza kugeuka, rusha ringi ikiwa imelala bapa kama sahani, mita mbili au tatu kutoka kwenye mizizi, wala si ndani yake, maana itanasa. Acha kamba ilegee. Subiri dakika 10 hadi 15. Kisha shika kamba, ondoa ulegevu wote polepole bila kuitikisa ringi, na hapo uvute kwa nguvu mara moja ili ukingo unyanyuke na kumzunguka kaa kabla hajatambua. Baada ya mvuto huo wa kwanza, endelea kuvuta bila kusita hadi juu. Maji yanayopita kwenye wavu ndiyo yanayomkandamiza kaa chini. Ukisita hata kidogo, mkandamizo huo hutoweka na kaa hujirusha nje. Weka ringi zako zikiwa zimeachana kwa hatua 10 au zaidi, uzizungukie moja baada ya nyingine. Ringi ikipanda tupu mara tatu mfululizo, ihamishe.

Kumshika na kumfunga

Gando la kaa mkubwa wa mikoko linaweza kuvunja kidole. Usimtoe kwenye wavu kwa papara. Weka ringi chini penye ardhi ngumu, mbali na maji, ugeuze wavu atoke mwenyewe, naye atasimama akiinua magando na kukukabili. Mletee fimbo mbele ayaelekeze magando huko, kisha kwa mguu wenye raba umkandamize mgongoni kwa uzito mdogo tu, wa kumzuia asisogee. Sasa inama nyuma yake. Jozi yake ya mwisho ya miguu ni bapa kama makasia. Hapo kwenye mashina ya makasia hayo ndipo magando hayafiki. Vidole vinne juu ya gamba, dole gumba chini ya tumbo, mshike imara na umwinue akitazama mbali nawe.

Kabla ya kumfunga, mgeuze umtazame tumboni. Kifuniko chembamba chenye ncha ni cha dume. Kifuniko kipana cha mviringo kinachofunika karibu tumbo zima ni cha jike aliyekomaa. Ukikuta chini ya kifuniko hicho fundo la mayai, yawe ya rangi ya chungwa au yameshageuka ya kahawia, mrudishe majini palepale, kwa mkono na si kwa kumtupa. Jike mmoja hubeba mayai zaidi ya milioni moja, naye huenda kuyaangulia mbali kwenye maji ya bahari kuu. Mimi huwarudisha majike wote waliokomaa, wenye mayai na wasio nayo, na bado sijarudi Moshi mikono mitupu kwa sababu hiyo. Warudishe pia wadogo. Mwisho, bonyeza gamba la chini karibu na miguu ya nyuma: likibonyea, kaa huyo amejivua gamba karibuni, ndani amejaa maji badala ya nyama, naye arudi akanenepe.

Kufunga ni kazi ya watu wawili kwa anayeanza. Mmoja amkandamize kaa, mwingine apitishe katikati ya uzi mbele ya mdomo wake, chini ya magando yaliyokunjwa. Kila ncha izungushwe juu ya gando la upande wake, ivutwe nyuma mpaka gando ligande mwilini, kisha ncha zote mbili zifungwe pamoja nyuma ya gamba. Kaa wasiofungwa wakiwekwa pamoja hung'oana miguu kabla hata hujafika stendi.

Ringi zako zinaweza pia kuleta kaa wembamba wa kuogelea wenye madoa au rangi ya samawati, ambao ni watamu na huliwa. Lakini kaa wa kwenye miamba ya matumbawe wenye rangi za kuvutia na vidole vyeusi vya magando usiwaguse kabisa. Baadhi yao wana sumu ambayo kupika hakuiondoi.

Kuwafikisha Moshi wakiwa hai

Kaa wa mikoko huishi siku kadhaa nje ya maji ikiwa ana unyevu na ubaridi. Wapange ndani ya gunia lililoloweshwa maji ya bahari, miguu chini na gamba juu, ufunike kwa gunia jingine bichi, uweke penye kivuli na hewa. Kosa la wengi ni kuwatumbukiza kwenye ndoo ya maji. Hewa ya maji hayo yaliyotuama humalizika haraka, nao hufa wote njiani. Kosa jingine ni kuwalaza moja kwa moja juu ya barafu. Basi linaposimama Korogwe au Mombo, nyunyizia gunia maji ya bahari uliyobeba kwenye chupa. Ukifika nyumbani, mchunguze mmoja mmoja kwa kumgusa macho: aliye hai huyavuta ndani. Aliyekufa njiani usimpike, hata kama hana harufu, kwa sababu nyama ya kaa huharibika upesi mno.

Kabla ya kumchemsha, mweke kwenye friza nusu saa hadi atulie kabisa, kisha mtie kwenye maji yanayotokota yenye chumvi. Kaa wa kilo moja ameiva baada ya dakika 15 hadi 20. Fungua gamba, ondoa matamvua ya kijivu yaliyoko pande zote mbili pamoja na kifuko cha tumbo nyuma ya macho, vunja magando, uendelee na tui la nazi au limau na pilipili upendavyo. Kwa wanafamilia ambao hawajawahi kula kaa, waanze na kipande kidogo na wangoje, kwani wapo wenye mzio nao bila kujua. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, ni safari ya hospitali mara moja.

Ringi zisuuze kwa maji ya bomba usiku huohuo, kabla chumvi haijaanza kula chuma, uzining'inize barazani zikauke, na ukague kila fundo kabla ya mwezi mpevu ujao.